Balungi Ngomeni, Haradali Ndia Kuu

Sentimita moja ni kilomita laki moja. Anayetaka kuutandaza mfumo wa jua barabarani na aanze na kanuni hiyo, kisha asiivunje hata mara moja. Kwa kipimo hicho jua, lenye kipenyo cha kilomita 1,392,000 hivi, linakuwa tufe la sentimita 14, ukubwa wa balungi la wastani. Dunia, yenye kilomita 12,756 kwenye ikweta, inakuwa milimita 1.3, na kwa hiyo punje ya haradali nyeusi inatosha. Kati ya balungi na haradali pana mita 15, wala hakuna ruhusa ya kusogeza.

Vitabu vya shule vimejipa ruhusa hiyo miaka yote. Ndani yake sayari zimepangwa kama sahani za kabatini, moja ubavuni mwa nyingine, na mtoto anakua akiamini kwamba Mirihi na Mushtarii ni majirani wa ukuta mmoja. Simlaumu sana mchoraji. Karatasi ikionyesha umbali kwa haki, sayari hazionekani. Zikionekana, umbali umedanganywa. Fundi wa skeli anakataa yote mawili. Anaacha karatasi na kwenda kutafuta njia ndefu.

Ndia Kuu inafaa kazi hii kuliko barabara nyingi nizijuazo. Inaanzia upande wa Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na kupenya ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, katikati ya nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao na milango ya nakshi. Ni njia ya watu wa miguu zaidi kuliko ya magari, ingawa tuktuk na pikipiki hazijui hilo. Mtu hupita hapo polepole kwa sababu hana budi: kuna salamu za kujibu, kuna barza zenye wazee, kuna muuza kahawa aliyesimama na dele lake. Mfumo wa jua ukitandazwa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, mtu ataupita kwa gari bila kujua. Hapa atauhesabu kwa hatua zake.

Tuseme basi balungi limewekwa pale njia inapoanzia, ngome ikiwa mgongoni. Mita 5.8 mbele ni Utaridi, nusu milimita tu, chembe ya chumvi. Mita 10.8 ni Zuhura, haradali ya kwanza. Mita 15 ni Dunia, haradali ya pili. Mita 22.8 ni Mirihi, ambayo ni kubwa kidogo kuliko Utaridi na bado ni chembe. Sayari nne zenye ardhi ya mawe zimekwisha na mpita njia hajapita maduka mengi. Mwezi nao upo: sentimita 3.8 kutoka kwenye haradali yetu, unene wake theluthi ya milimita. Hizo sentimita 3.8 ndizo safari ndefu kuliko zote ambazo binadamu ameshafunga. Wanaanga wa Apollo walizikata kati ya mwaka 1968 na 1972, na vidole viwili vya mkono vinatosha kuzifunika.

Ubora wa kazi hii unaanzia katika kuchagua skeli. Ukichagua kubwa mno, sayari zinapendeza lakini njia haitoshi. Ukichagua ndogo mno, Dunia inapotea kabisa. Wako waliochagua ukubwa bila woga. Nchini Sweden, Nils Brenning na Gösta Gahm waliubuni mfumo wa jua unaoenea nchi karibu nzima: mita 1 kwao ni kilomita 20,000. Jua ni lile jengo la mviringo la Stockholm lililojulikana kwa jina la Globen. Dunia ni tufe la sentimita 65, kilomita 7.6 kutoka hapo. Mushtarii iko uwanja wa ndege wa Arlanda, Neptuni iko Söderhamn kilomita 229 kaskazini, na Pluto iko Delsbo, kilomita 300. Ni kazi ya fahari, lakini ni mfumo wa kusafiria kwa treni. Ukifika Uranusi umeshasahau jua lilikuwa na ukubwa gani.

Mwingine alichagua udogo. Eise Eisinga aliishi kwa kazi ya kuchana sufi katika mji wa Franeker, Uholanzi. Kati ya mwaka 1774 na 1781 aliujenga mfumo wa jua kwenye dari ya sebule yake, kwa magurudumu ya mbao yaliyopigiliwa misumari badala ya meno. Milimita 1 ni kilomita milioni 1, na kila sayari inakwenda kwa mwendo wake halisi, hata Zohali ya darini huchukua miaka zaidi ya 29 kumaliza mzunguko mmoja. Bado inakwenda. Mwaka uleule aliomaliza, William Herschel aliigundua Uranusi, na dari ya Franeker haikuwa na nafasi ya kuiweka. UNESCO iliiandika nyumba hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023, miaka 12 baada ya Fort Jesus.

Kati ya nchi nzima na dari ya sebule, mimi nasimama na mtaa. Skeli ya mtaani inamwezesha mtu kufanya kitu kisichowezekana Sweden wala Franeker: kuzibeba sayari zote kwenye mfuko wa shati, nyingi zikiwa viungo kutoka soko la Marikiti, na kuutandaza mfumo mzima kabla ya chai ya saa nne.

Sasa hazina, maana mfumo uliotandazwa mtaani unaweza pia kufichwa na kusakwa. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Siku iliyofuata, Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vya mahali pale kwa latitudo na longitudo ili atakaye aje kuitafuta. Ndani mlikuwa na daftari, kalamu ya risasi na vitu vidogo vya kubadilishana, ukiwemo mkebe wa maharage. Mchezo ukaenea dunia nzima: unachukua kimoja, unaacha kimoja, unaandika jina lako daftarini. Haukuchukua muda watu wakauunganisha mchezo huo na mfumo wa jua wa skeli, wakaanza kuficha visanduku kwa masafa ya sayari, anayesaka akiondoka kwenye jua na kufuata hesabu mpaka kisanduku cha mwisho.

Mtu anaweza kudhani kazi imekuwa rahisi: shika simu, ifuate. Ndia Kuu itamcheka. Simu nzuri, mbingu zikiwa wazi, hukosea mita kadhaa. Kwenye mtaa mwembamba wenye kuta ndefu mawimbi hugonga ukuta huu na ule kabla ya kufika mkononi, na kosa linazidi. Utaridi, Zuhura na Dunia zimepishana mita 5, kisha 4. Kwa simu zote tatu ziko mahali pamoja. Kuna kichekesho humo ndani: setilaiti zenyewe zinazoiongoza simu ziko kilomita 20,200 juu, na kwa skeli yetu hizo ni milimita 2 kutoka kwenye haradali. Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco nje ya Malindi, ilizunguka karibu zaidi, kiasi cha sehemu ya ishirini ya milimita. Tumezipa jina la vyombo vya anga, na kwa skeli ya mtaani zimeishikilia Dunia kama vumbi.

Kwa hiyo fundi anarudi kwenye kamba. Wala hapa pwani si mahali pa kuionea kamba haya. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima urefu wa nyota kwa kamal, kibao kidogo kilichofungwa uzi wenye mafundo. Nahodha alishika uzi kwa meno, akakisogeza kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota, kisha akahesabu mafundo. Kila fundo lilikuwa na bandari yake. Mtu aliyefunga mafundo yale alikuwa akitunza skeli bila kuiita hivyo, na kosa lake halikuishia kwenye karatasi, liliishia mwambani.

Kwa Ndia Kuu inatosha tepu ya mita 30, ile ya wapima viwanja. Urefu wake mmoja ni mara mbili ya umbali wa Dunia na jua, na Neptuni iko mita 450, yaani tepu 15 kamili. Hesabu ni nyepesi, kuitekeleza si kwepesi. Njia inapinda. Je, upime kwa kufuata mapindo, au kwa mstari ulionyooka unaopita ndani ya nyumba za watu? Mimi naona fundi afuate njia, kwa sababu miguu ndiyo itakayousoma mfumo huu, lakini aseme wazi kwamba amefuata njia. Tepu isilegee. Mwanzo wa kila mkato utiwe alama ya chaki chini, kamwe si rangi, na watu wawili waione kabla ya kuinua. Sentimita 10 za uzembe ni kilomita milioni 1. Ukizirudia kwa tepu 15, Neptuni imehama kilomita milioni 15, na hakuna atakayejua isipokuwa aliyepima.

Hapo ndipo heshima yangu kwa watu wa kazi hii inapotoka. Hakuna mpita njia atakayekagua. Balungi likiwa la sentimita 16 badala ya 14, nani atalalamika? Haradali ikiongezwa iwe punje ya mtama ili ionekane, watoto watafurahi zaidi. Lakini ukishaikuza Dunia mara mbili itabidi uikuze Mushtarii mara mbili, na jua, na njia, mpaka Neptuni itoke Mji wa Kale. Au uache, na hapo umerudi kwenye kitabu cha shule. Fundi mzuri anavumilia udogo.

Kuficha nako kuna adabu zake. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na chokaa iliyokwanguliwa na kidole cha mtoto hairudi kwa kuomba radhi. Kisanduku kisicho na mwenyewe kilichopenyezwa kwenye ufa karibu na jengo la kihistoria, katika mji wa bandari, kitaita askari kabla hakijaita msakaji. Wasakaji wenyewe waliliona tatizo hilo zamani, na wana aina ya hazina isiyo na kisanduku: unafika mahali, unajibu swali linalojibika pale tu. Ndia Kuu ina njia bora zaidi ya hiyo. Ina wenye maduka. Mpe muuza duka aliye kwenye mita ya 78 gololi moja na muhuri wa mpira, na Mushtarii imepata mlinzi anayejua mtaa, anayejua nani ni mtoto wa nani, na asiyesahau kuuliza, "Umetoka wapi wewe, umeipita Mirihi?"

Kisha yaje mafumbo, na hapa sisi hatuna haja ya kuazima kwa mtu. Kitendawili! Tega. Nimevaa pete wala sijaolewa: huyo Zohali. Nyumba nyekundu haina mtu, uani mna magari: Mirihi, yenye magari madogo ya utafiti yaliyopelekwa huko. Fumbo la Utaridi ndilo linaloonyesha kazi ilivyo. Mtu ataandika haraka, "Siku yangu ni ndefu kuliko mwaka wangu," na ni kweli: Utaridi humaliza mwaka kwa siku zetu 88, na kutoka macheo mpaka macheo mengine ni siku 176. Lakini msakaji mjanja atasema Zuhura, na hatakuwa amekosea, kwa kuwa Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 ilhali mwaka wake ni siku 225. Fumbo moja lina majibu mawili, na watu wanazunguka kati ya mita 5.8 na 10.8 wakigombana. Mtungaji arudi mezani aandike: "Jua likinichomozea mara mbili, nimeshatimiza miaka miwili." Zuhura haimo tena, kwa sababu macheo yake hupishana siku 117 tu.

Baada ya Mirihi ndipo wengi hukata tamaa. Umezoea kupata kitu kila baada ya hatua chache, sasa unatembea mita 55 hakuna kitu. Kwenye mita 78 ndiyo gololi ya Mushtarii, sentimita 1.4, kubwa kuliko sayari nyingine zote zikiunganishwa. Mita 143 ni Zohali, ushanga wa sentimita 1.2 wenye pete pana karibu sawa na sarafu ya shilingi 20. Kisha mita 144 nyingine bila kitu, kama vile umeanza safari upya, mpaka Uranusi kwenye mita 287: pilipili manga moja. Neptuni, mita 450, umeshazama ndani ya Mji wa Kale na ngome huioni: pilipili manga ya pili. Iligunduliwa mwaka 1846, mwaka ambao wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha misheni yao Rabai, nyuma ya mji huu. Tangu hapo imelizunguka jua mara moja tu, ikautimiza mzunguko huo mwaka 2011.

Wale wenye kuipenda kazi hii huwaambia wageni watembee kipande hicho kitupu bila kuzungumza. Mimi sioni haja. Ndia Kuu haina kimya, na utupu wa anga hauhitaji kuigizwa; inatosha kujua kwamba kila hatua unayopiga ni kilomita milioni saba hivi. Jambo linalonishangaza zaidi ni mwanga. Unakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde, na kwa skeli yetu ni sentimita 3. Ukiuachia utoke kwenye balungi, utafika kwenye haradali baada ya dakika 8 na sekunde 20, na kwa Neptuni baada ya saa 4 na zaidi. Bibi anayerudi sokoni na kikapu chake anaupita mwanga mara nyingi sana bila kuharakisha.

Uongo mmoja umebaki, na fundi mwaminifu huutaja kabla hajaulizwa. Sayari hazijipangi mstari mmoja hivi. Kila moja iko upande wake wa jua, na mfano unaofuata haki kamili huzitawanya. Kijijini Otford, Uingereza, nguzo za sayari ziliwekwa kwa pembe zilizokuwa nazo mwaka 2000 ulipoanza. Mombasa jambo hilo lingepeleka sayari moja mlangoni mwa msikiti, nyingine mkondo wa Tudor, na nyingine sebuleni kwa mtu. Njia inatupa umbali na kutunyima pembe. Kwa mtaa huu naukubali mpango huo, mradi usemwe.

Na mtaa ukiisha, skeli haiishi. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa Septemba 1977. Mwaka huohuo, chini ya kuta za Fort Jesus, wapiga mbizi walianza kuichimbua manowari ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa. Walikaa misimu minne majini wakipima na kuchora kila ubao mahali ulipolala, kazi ya tepu na subira iliyo ndugu wa hii tunayoizungumza. Mwaka 1980, mwaka waliomaliza, Voyager 1 iliipita Zohali, mita 143 kutoka balungini. Sasa imefika kilomita bilioni 25 hivi, na kwa hesabu yetu ni kilomita 2.5: karibu na Daraja la Nyali. Ni karibu nusu karne ya kwenda bila kusimama, na haijatoka kisiwani.

Nyota iliyo jirani zaidi na jua ni Proxima Centauri, iliyogunduliwa na Robert Innes mwaka 1915 akiwa Johannesburg. Iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2 na ushei. Kwa sentimita moja kwa laki moja, ni tufe la sentimita 2 lililoko kama kilomita 4,000 kutoka Fort Jesus. Ukichukua ramani na kuvuta uzi kuelekea kaskazini, kilomita hizo zinakufikisha Shiraz, Uajemi, mji ambao jadi nyingi za pwani hii zinautaja katika asili ya watawala wake wa kale, jambo ambalo wanahistoria hawajaacha kulibishania. Sikuipanga hesabu hiyo. Unaweza kuipima mwenyewe, tofauti haizidi makumi machache ya kilomita.

Kama wewe ni mwalimu wa shule ya kisiwani, au mzazi mwenye Jumapili isiyo na kazi, vifaa ni hivi: balungi, haradali mbili, chembe mbili za chumvi, gololi, ushanga, pilipili manga mbili, chaki, na tepu ya kuazima. Omba ruhusa kwa wanaosimamia uhifadhi wa Mji wa Kale, kisha kwa wenye maduka, na mazungumzo ya pili yatachukua muda mrefu kuliko ya kwanza. Anza mapema kabla ya tuktuk. Watoto wakilalamika kwamba Dunia hawaioni, wape lenzi, lakini usiikuze.